Msitufungie tovuti kwa sababu mmetengeneza apu

Mhariri,

Mimi ni fundi wa simu. Meza yangu iko Luthuli Avenue, kwenye duka tunalogawana mafundi wanne, na nimekaa hapo tangu 2009. Ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, na watu wa mtaani kwetu wakiharibikiwa na simu hunitafuta mimi, iwe ni kioo kimepasuka, chaji haiingii, au simu imejaa. Siku hizi hili la simu kujaa ndilo linaloniletea wateja wengi zaidi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jumanne iliyopita sikuwa nimefungua hata sanduku la bisibisi nilipomwona mzee mmoja wa mtaani kwetu akipanda ngazi. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu," akajibu, na kabla hajakaa vizuri akanikabidhi simu. "Nimefuta kitu. Nataka unirudishie."

Mjukuu wake yuko sekondari. Mwanzoni mwa mwaka shule iliwatumia wazazi SMS kwamba kuanzia muhula huu matokeo, salio la karo na matangazo yote yatapatikana kwenye apu ya shule, na kwamba hapatatolewa tena karatasi wala ujumbe mfupi. Mama wa mtoto anafanya kazi Mombasa, lakini namba iliyoandikishwa shuleni ni ya babu, kwa kuwa ndiye anayekaa na mtoto. Basi mzee akajaribu kuipakua ile apu. Simu yake ni ya GB 16, na kila alipogusa kitufe ikamjibu kwamba nafasi haitoshi. Kijana mmoja jirani akamwambia afute vitu. Akafuta picha, ikakataa. Akafuta video za harusi, ikakataa. Akaingia kwenye sauti alizorekodi, akazifuta, na tupio nalo akalimwaga. Hapo apu ikaingia.

Zile sauti zilikuwa za mkewe, aliyefariki mwaka jana. Marehemu alipokuwa kitandani na akajua kwamba hatainuka, alimwambia mumewe awashe kinasa sauti cha simu, akawa anamfundisha kupika. Mzee huyu hakuwahi kusimama jikoni maisha yake yote. Sauti zilikuwa tisa. Moja ya pilau, moja ya mchuzi wa samaki, moja ya jinsi ya kuchambua mchele wa Mwea, moja ya siku za kununua dawa zake mwenyewe mzee za presha. Alikuwa akipika huku akisikiliza.

Nilifanya kila ninachokijua. Nilitazama tupio la faili, kwa sababu kwenye simu nyingi kitu kilichofutwa hukaa humo siku 30 kabla ya kuondoka kabisa. Lilikuwa tupu. Nilitazama akaunti yake ya Google kama kulikuwa na nakala iliyohifadhiwa huko. Haikuwapo, kwa kuwa mzee hununua bando la shilingi 20 na aliambiwa azime kila kinachokula data. Nikachomoa kadi ya memori, nikaisoma kwenye kompyuta, nikakuta ina kaswida tu. Zamani tungeweza kuchimbua, lakini simu za Android za miaka hii hufunga kila faili kwa ufunguo wake, na faili ikifutwa, ufunguo huenda nayo. Ilibidi nimwambie. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama ingesaidia akiiondoa ile apu.

Alipotoka kwenda kunywa chai nikaifungua apu yenyewe nione ina nini cha thamani hivyo. Ina kurasa tatu: matokeo, karo, matangazo. Nikazima data, nikagusa "matokeo". Kikatokea kile kibao kijivu tunachokijua wote, cha kusema kwamba ukurasa wa tovuti haupatikani, na chini yake anwani ya tovuti ya shule, herufi kwa herufi. Kwa maneno mengine, ndani ya ile apu hamna kitu ila tovuti ya shule iliyovishwa kanzu. Ukurasa uleule ungefunguka kwenye Chrome, brauza ya kufungulia tovuti, na Chrome ilikuwa ndani ya simu ya mzee tangu siku aliyoinunua. Nikawasha data, nikaiandika ile anwani kwenye Chrome ya simu yangu. Picha za shule zikatokea, wimbo wa shule, majina ya walimu. Nilipogusa mahali pa wazazi kuingia, likaja tangazo lililofunika kioo kizima: pakua apu ili uendelee. Sikuona pa kulifungia.

Kwenye simu ya mzee apu hiyo ilikuwa imekwisha kula MB 210. Kwa kurasa tatu za maandishi.

Wasomaji wako wengi wanajua kwamba simu zao zimejaa ila hawajui zimejazwa na nini, kwa hiyo niruhusu nieleze ninavyowaeleza wateja. Simu iliyoandikwa GB 16 kwenye boksi haikupi GB 16. Mfumo wa Android na apu zilizokuja na simu huchukua sehemu kubwa kabla hujaiwasha. Ya mzee ilibakiwa na kama GB 6. Kisha kila apu ina matumbo matatu. Kuna apu yenyewe, kuna data inayoiandika kadiri unavyoitumia, na kuna akiba ya picha na vipande inavyojiwekea ili ifunguke haraka. Ukiwa dukani pa apu unaonyeshwa mzigo wa kupakua tu, ambao umebanwa. Ukiuweka kwenye simu unafumuka, na baada ya wiki mbili umenenepa tena. Halafu kuna kusasisha. Toleo jipya huja na mzigo wake na hula bando lake, na likikosa nafasi linakwama, na simu inaanza kuganda. Mtu anakuja kwangu kuniambia simu imekufa, kumbe imeshiba.

Tovuti haifanyi hivyo. Ukurasa unakuja, unausoma, unaufunga. Brauza nayo hujiwekea akiba kidogo, lakini ni moja kwa tovuti zote na unaifuta kwa kugusa mara chache tu bila kupoteza chochote.

Nimewaonyesha wateja wangu jambo ambalo wengi hawakuwa wakilijua. Fungua Chrome, nenda kwenye tovuti unayoitumia mara kwa mara, gusa vidoti vitatu pale juu kulia, uteremke hadi penye maneno ya kuongeza kwenye skrini ya kwanza. Gusa. Alama ya tovuti hiyo itakaa kwenye kioo chako pamoja na alama za WhatsApp na M-Pesa, na ukiigusa inakupeleka moja kwa moja. Tovuti zilizotengenezwa vizuri hufunguka zimejaa kioo kizima, bila ule mstari wa anwani juu, na nyingine hukuwekea hata kurasa za kusoma mtandao ukikatika. Watengenezaji wamekuwa na utaalamu huu tangu mwaka 2015 hivi. Kwenye simu yangu mwenyewe nina alama saba za namna hiyo: eCitizen ya huduma za serikali, iTax ya mamlaka ya ushuru KRA, sacco yangu, magazeti mawili, duka la vipuri ninakoagiza vioo, na ratiba ya swala. Zote saba pamoja hazifikii uzito wa apu moja ya kununulia nguo.

Wala si jambo geni. Mwaka 2007 iPhone ya kwanza ilipotoka haikuwa na duka la apu. Steve Jobs aliwaambia watengenezaji waandike vitu vyao vifunguke kwenye brauza ya Safari, na duka likafunguliwa mwaka mmoja baadaye, Julai 2008. Hapa kwetu nakumbuka IDEOS ya Huawei ilipoingia mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, ikawa ndiyo Android ya kwanza kwa watu wengi wa kipato chetu. Nafasi yake ya ndani haikufika hata GB 1. Apu tatu nne, imejaa. Watu waliishi nayo vipi? Waliishi na Opera Mini, ambayo huzibana kurasa kwenye mitambo yake kabla ya kukuletea, na bando la shilingi 10 likawa linamtosha mtu kusoma habari mpaka jioni. Nimetengeneza IDEOS nyingi sana. Sikumbuki hata mteja mmoja aliyeniambia amefuta sauti ya marehemu ili aone karo.

Najua shule na kampuni watajibu kwamba siku hizi kila mtu ana simu kubwa. Waje waketi na mimi Luthuli kwa siku moja. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulipoanza mwaka 2020, wa kulipa shilingi 20 kwa siku, uliwapa maelfu ya watu simu yao ya kwanza ya mguso, na simu hizo zilitengenezwa ziwe ndogo ili ziwe rahisi. Nyingi bado zinatumika. Mama anayeuza mitumba Gikomba, mlinzi wa usiku wa Industrial Area, dereva wa tuktuk wa Kayole, hao ndio wazazi wa watoto wanaosoma kwenye hizo shule. Simu yake ina WhatsApp, ina M-Pesa, ina picha za watoto, imekwisha. Shule inataka apu, sacco inataka apu, zahanati inataka apu, mwenye nyumba naye ameleta apu ya kulipia kodi. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Mwezi wa Aprili dada yangu alikosa basi la usiku pale River Road kwa jambo hilihili. Kampuni ilikuwa imeacha kukata tiketi dirishani na tovuti yake imefungwa, ni apu tu. Apu ikagoma kuingia kwenye simu yake. Akiwa amesimama na pesa mkononi na mtoto mgongoni, basi likaondoka na viti vitupu. Nikilinganisha na treni ya Mombasa, tangu Madaraka Express ianze mwaka 2017 nimekata tiketi kwa njia mbili, kwenye tovuti na kwa kubonyeza *639#, na zote mbili zimenifikisha.

Niseme pia ya upande wa pili, kwa sababu mimi si adui wa apu. Kuna kazi ambazo apu huzifanya vizuri kuliko tovuti. Ramani unayotaka itembee bila mtandao, apu ya benki inayofunguka kwa alama ya kidole, ujumbe unaopaswa kukugutua usiku wa manane, hizo zina haki ya nafasi yake. Mtu mwenye GB 256 na intaneti ya nyumbani aweke apu mia akipenda. Pia si kila tovuti ni nyepesi. Nimeziona zenye video zinazojicheza zenyewe na matangazo ya kuruka, zinazokula bando kuliko apu yoyote, kwa kuwa kila ukirudi inapakia upya. Na kuna tovuti za wezi. Ninawafundisha wateja wasome anwani kabla ya kuandika neno la siri, na kwa mambo ya serikali watazame kama inaishia na .go.ke, kwa kuwa anwani hiyo hupewa taasisi za serikali pekee. Jambo jingine kwa wanaotumia Opera Mini: ikiwa kwenye hali ile ya kubana kupita kiasi, kurasa zako zinapitia kwenye mitambo yao na kufunguliwa huko kwanza. Kusomea habari ni sawa. Usiingilie benki kwa njia hiyo.

Ila kuna hatari moja ya apu ambayo tovuti haina, nami nimeiona kwa macho yangu ndani ya ukoo. Mwaka 2020 binamu yangu wa Kayole alikopa shilingi 3,000 kwenye apu ya mikopo. Alipoiweka iliomba ruhusa ya kusoma namba zake, SMS zake na mahali alipo, naye akakubali kwa sababu bila kukubali haifunguki. Akachelewa kulipa siku nne. Wakampigia mama mkwe wake. Wakampigia msimamizi wake kazini. Wakamtumia ujumbe fundi wa mabomba aliyewahi kumtengenezea choo mara moja tu, kwamba fulani ni mwizi. Ndoa ile ilipona kwa shida. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuzichota namba zote zilizo kwenye simu yako, wala kusoma SMS zako. Unaona unachouandikia, na mahali ulipo ukiuruhusu.

Tangu wakati huo mambo yamerekebishwa kiasi. Benki Kuu ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na mwaka 2023 Google ikazikataza apu za mikopo kugusa namba na picha za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayosema mtu akusanye data anayoihitaji kwa kazi yake tu, na kabla yake tuna Katiba, Kifungu cha 31, kinachompa kila mtu haki ya kutodaiwa bila sababu habari za familia yake na za mambo yake ya siri. Ninaiuliza ile shule, kwa heshima: kumwonyesha mzee kwamba mjukuu amepata B katika Kemia kunahitaji ruhusa ya kamera, maikrofoni na namba zake zote? Maana ndizo apu hiyo iliomba. Niliziona kwenye mipangilio, na nikazizima zote tatu, na apu ikaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Kuna na mambo madogo ambayo kwa mtu mzima si madogo. Kwenye brauza mzee akishindwa kusoma hutanua maandishi kwa vidole viwili. Kwenye apu nyingi kioo kimegoma, herufi ni zilezile ndogo kama ncha ya kalamu. Kwenye brauza unaweza kubonyeza namba ya malipo ukainakili, ukaibandika kwenye M-Pesa bila kukosea. Kwenye apu ya shule ile namba ya akaunti hainakiliki, mzee ameiandika nyuma ya kalenda. Na Chrome inaweza kuutafsiri ukurasa wa Kiingereza ukaja kwa Kiswahili. Si Kiswahili cha kusifika, lakini bibi anaelewa kwamba karo inadaiwa lini. Apu ya Kiingereza inabaki ya Kiingereza, katika nchi ambayo Katiba yake inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Wapo waliofanya vema na ninataka watajwe. M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwenye menyu ya laini, ikafanya kazi kwenye mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe isiyo na nafasi ya kitu chochote. Apu yake mpya ilipokuja mwaka 2021 hawakuizima menyu, na *334# ukiibonyeza leo inaitika. Serikali nayo ilipozindua apu ya Gava Mkononi mwaka 2023 haikuifunga tovuti ya eCitizen. Anayetaka apu ana apu, anayetaka brauza ana brauza. SHA, ile mamlaka ya bima ya afya, ilipoanza Oktoba 2024, mama yangu mwenye simu ya vitufe ya kabambe alijisajili kwa *147# akiwa amekaa kibarazani. Ikiwa kampuni yenye mamilioni ya wateja imeweza kuacha milango yote wazi, shule yenye wanafunzi mia sita inashindwa nini?

Gharama, wataniambia. Lakini hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa, maana tovuti wanayo tayari. Apu yao inaisoma tovuti hiyohiyo. Kufungua ule ukurasa wa kuingilia ni kuondoa tangazo moja, kazi ambayo aliyewatengenezea ataimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kinachogharimu ni apu, ambayo kila Android mpya ikitoka lazima irekebishwe, na iPhone ina yake mbali. Najua aliyewauzia apu aliwaambia kwamba itawapa wazazi taarifa papo hapo. SMS ilikuwa ikifanya hivyo.

Sacco yangu ilijaribu jambo hilihili miaka miwili iliyopita. Siku moja tukaamka tovuti haikubali tena namba zetu za uanachama, tumeambiwa apu. Hatukugombana na karani. Tulisubiri mkutano mkuu wa mwaka, tukasimama wanachama sita, mmoja akainua simu yake juu wote waione ikisema nafasi haitoshi. Mwenyekiti aliuliza ukumbini nani mwingine yuko hivyo, na mikono iliyoinuka ilimfanya akae chini azungumze na katibu. Wiki tatu baadaye ukurasa ulirudi, na apu pia ipo, na wanaoipenda wanaitumia. Ndiyo maana ninawaomba wazazi wanaosoma barua hii walisemee jambo hili kwenye mkutano wa wazazi, waliweke kwenye ajenda, wasilinung'unikie kwenye kundi la WhatsApp tu.

Kwa wakuu wa shule, wenye mabasi, wenye zahanati na mameneja wa sacco, ombi langu ni dogo. Kabla hamjatangaza kwamba huduma fulani iko kwenye apu tu, tafuteni simu ya GB 16 iliyotumika miaka mitatu, yenye picha za watu ndani yake na bando la shilingi 20, mjaribu nayo. Mkikosa, njooni mezani kwangu, nitawaazima. Mkishindwa kuingia, waachieni wateja wenu tovuti. Msiifunike kwa tangazo lisilofungika. Apu yenu ikiwa nzuri, watu wataifuata wenyewe.

Kuhusu yule mzee: nilimpigia binti yake Mombasa siku ileile. Akatafuta kwenye WhatsApp yake jioni nzima, na usiku akanitumia sauti moja ambayo mama yake aliwahi kumtumia kutoka kwa simu ya baba. Ni ya sekunde 14. Marehemu anasema mbaazi ziwekwe chumvi mwisho, zikishaiva, na tui zito litangulie kukaa pembeni. Niliihifadhi kwenye kadi ya memori, nikaituma kwa mtoto wa kiume wa mzee, nikaweka nyingine kwenye kompyuta yangu. Jumatano mzee alikuja akaisikiliza hapo mezani, akaomba niirudie. Kisha akaniuliza tena kama sasa anaweza kuifuta ile apu ya shule. Nilimwambia bado, kwa sababu matokeo ya muhula yanatoka wiki ijayo na hayapatikani mahali pengine.

Mama Rehema,
Fundi wa simu, Luthuli Avenue,
Nairobi